Laptopu ya Kubeba Kila Siku: Uimara Uko Wapi Hasa?

Ukiingia duka lolote la kompyuta Kariakoo na kuuliza laptopu ipi ni imara, utajibiwa kwa jina la kampuni. Mmoja atasema HP, mwingine Dell, wa tatu ataapa kwamba hakuna kama Lenovo, na aliyezoea MacBook ya Apple hataki kusikia nyingine. Majibu hayo yote yana kasoro moja. Kila kampuni kati ya hizo, isipokuwa Apple, hutengeneza mashine za madaraja mengi, na pengo lililopo kati ya daraja la chini na la juu ndani ya kampuni moja ni kubwa kuliko pengo kati ya kampuni na kampuni. Anayenunua kwa kutazama nembo anaweza kutoka dukani na mashine itakayong'oka bawaba kabla mwaka wa pili haujaisha, ilhali mwenzake amelipa fedha zilezile, akapata nembo ileile, na mashine yake ikamtumikia mpaka akamrithisha mdogo wake.

Jambo hili ni zito kwa watu wengi. Kwa mwanafunzi wa chuo anayebadilisha daladala mbili asubuhi, kwa mhasibu anayezunguka na bodaboda kwa wateja wake, kwa mwandishi wa habari, fundi wa michoro au mwalimu, laptopu ndiyo kazi yenyewe. Ikivunjika wiki ya mitihani au siku ya kuwasilisha hesabu, hasara yake haiishii kwenye gharama ya fundi. Ndiyo maana inafaa kulichambua swali hili kwa kipimo kimoja kilicho wazi: mashine inayotoka nyumbani asubuhi ikiwa ndani ya begi na kurudi jioni, siku tano au sita kwa wiki, kwa miaka minne au zaidi.

Begi linaifanya nini mashine

Watu wakisikia uimara huwaza kuanguka. Kuanguka kupo, lakini adui wa kila siku ni mgandamizo. Ndani ya daladala iliyojaa, begi hubanwa na migongo na viwiko, na ndani ya begi chaja, chupa ya maji na daftari nene vinasukuma mfuniko wa laptopu. Mfuniko ukinyumbuka, kioo kinagusana na kibodi. Kwanza zinabaki alama za vitufe juu ya kioo, kisha doa jeupe lisilofutika, na mwisho ufa.

Adui wa pili ni bawaba. Mtu anayefungua na kufunga mashine yake mara kumi kwa siku ameikunja zaidi ya mara elfu tatu kwa mwaka. Wa tatu ni tundu la chaja, ambalo huchomekwa na kuchomolewa kila kituo cha kazi, mara nyingi waya ukivutwa kwa pembeni. Wa nne ni mtikisiko wa barabara mbovu, unaolegeza skrubu na viunganishi vya ndani. Wa tano ni joto: mashine ambayo haikulala vizuri ikaingizwa begini huku ingali inafanya kazi, feni yake ikikosa hewa ya kuvuta.

Uzito nao unaingia katika hesabu hii. Nguvu ya kishindo cha kuanguka huongezeka kadiri uzito na kimo vinavyoongezeka. Laptopu ya inchi 15.6 yenye kilo 2.2 ikidondoka kutoka mezani inapigwa kwa nishati iliyozidi kwa takriban asilimia 70 ile inayoipata mashine ya kilo 1.3 kutoka kimo hichohicho. Tena mfuniko mpana hunyumbuka kwa urahisi kuliko mfupi. Kwa hiyo kabla hata hujataja jina la kampuni, mashine ya inchi 13 au 14 imeshaizidi ya inchi 15.6 kwa mtu wa kubeba kila siku.

Takwimu za zamani zinazofundisha bado

Mwaka 2009 kampuni ya Marekani ya SquareTrade, inayouza dhamana za vifaa, ilichapisha uchunguzi wa laptopu zipatazo 30,000 zilizokuwa chini ya dhamana yake. Ilikadiria kwamba karibu laptopu moja kati ya tatu huharibika ndani ya miaka mitatu. Asilimia 20.4 ziliharibika kwa hitilafu za mashine yenyewe, na asilimia 10.6 kwa ajali za mtumiaji kama kuangusha na kumwagia maji. Asus na Toshiba zilitokea za kwanza kwa kutokuharibika, na HP ikawa ya mwisho katika orodha ya kampuni tisa.

Mashine zilizopimwa wakati ule zimekwishapita, na Toshiba yenyewe imetoka kwenye biashara ya laptopu. Lakini mafunzo mawili yamebaki. La kwanza ni kwamba hitilafu za ndani zilikuwa nyingi mara mbili ya ajali, kwa hiyo anayenunua ganda gumu tu na kusahau kilichomo ndani amejikinga nusu. La pili ni kwamba uchunguzi ule ulichanganya mashine zote za kampuni moja, za bei ya chini na za maofisini, katika namba moja. Kampuni inayouza mamilioni ya laptopu rahisi lazima ivutwe chini na hizo, hata kama mashine zake za ofisi ni madhubuti. Hivyo basi, orodha ya kampuni haiwezi kumwambia mnunuzi mashine iliyo mkononi mwake ni ya namna gani. Jina la toleo ndilo linalomwambia.

Alama ya kijeshi na mipaka yake

Matangazo ya laptopu siku hizi hujivunia alama ya MIL-STD-810. Hiki ni kiwango cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1962, kikirekebishwa mara kwa mara. Toleo la G lilitoka 2008 na la H likatoka 2019. Kinaeleza namna ya kupima kifaa dhidi ya joto, baridi, vumbi, unyevu, mtikisiko na kudondoka.

Msomaji anapaswa kuelewa mambo matatu kabla ya kuiamini alama hiyo. Kwanza, hakuna ofisi ya serikali inayotoa cheti kwa laptopu za raia. Kampuni hujipima yenyewe au huajiri maabara. Pili, kampuni huchagua vipimo inavyotaka kati ya vingi vilivyomo, hivyo mashine mbili zenye alama moja zinaweza kuwa zimepita mitihani tofauti kabisa. Tatu, kipimo cha kudondosha katika toleo la G kinataka mara 26 kutoka sentimita 122, lakini kinaruhusu vifaa hadi vitano vigawane midondoko hiyo. Hakuna kifaa kimoja kinacholazimika kuistahimili yote.

Alama hii ina maana yake, kwa sababu kampuni iliyojisumbua kupima mtikisiko na unyevu imefikiria zaidi ya rangi ya mfuniko. Ila isichukuliwe kama ahadi kwamba laptopu ikianguka kutoka kwenye bodaboda itainuka salama. Wala si kawaida kwa dhamana ya kawaida kulipia kioo kilichopasuka, hata mashine iwe na alama hiyo.

Mwili: plastiki, alumini, magnesi na kaboni

Alumini ina sifa ya ugumu. Apple ilianza kuchonga mwili wa MacBook kutoka kipande kimoja cha alumini mwaka 2008, na mwili huo haupindi ovyo wala haulii ukibanwa. Udhaifu wake ni kwamba alumini hubonyea na kubaki imebonyea. Kona iliyogongwa sakafuni hubaki imeingia ndani, na ikiwa ni kona ya mfuniko, kioo kinaendelea kusukumwa na chuma hicho kila siku mpaka kipasuke.

Aloi ya magnesi ni nyepesi kuliko alumini kwa karibu theluthi moja. Kampuni huitumia kama fremu ya ndani, na plastiki ngumu au nyuzi za kaboni zikawekwa juu yake. Huo ndio mtindo uliozipa umaarufu ThinkPad, zilizoanzishwa na IBM mwaka 1992 kabla ya kitengo hicho kuuzwa kwa Lenovo mwaka 2005. ThinkPad X1 Carbon, iliyotoka 2012, ilionyesha kwamba mashine ya nyuzi za kaboni inaweza kushuka chini ya kilo moja na nusu bila kuwa dhaifu.

Plastiki yenyewe haistahili kudharauliwa. Plastiki nzuri hunyumbuka na kurudi, na huchukua kishindo badala ya kukipitisha kwenye kioo. Tatizo ni plastiki nyembamba isiyo na fremu nyuma yake. Katika laptopu nyingi za bei ya chini, bawaba hufungwa kwa skrubu kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa ndani ya vinguzo vya plastiki. Kadiri miezi inavyokwenda, vumbi huingia na grisi hukauka, bawaba inakuwa ngumu, na kila ukifungua mfuniko unavuta vinguzo hivyo. Siku moja vinang'oka, kona ya mashine inapasuka, na mfuniko unafunguka kama mdomo. Mafundi wanaijua kasoro hii kuliko nyingine yoyote, na gundi wanayoiwekea huvumilia kwa muda tu. Kwenye mashine za ofisi bawaba hufungwa kwenye fremu ya chuma, na hapo ndipo fedha yako inapokwenda.

Madaraja sita, na kila moja na mtu wake

Daraja la kwanza ni laptopu mpya za bei ya chini za matumizi ya nyumbani: Lenovo IdeaPad za chini, HP zenye majina ya namba tu kama 250 au 15, Dell Inspiron na Acer Aspire za bei nafuu. Hizi ni mashine halali kwa mtu anayeiweka mezani na kuiacha hapo. Zina dhamana, betri mpya na kioo kikubwa. Lakini kwa begi la kila siku ndizo dhaifu kuliko zote, kwa sababu ya bawaba, mfuniko unaonyumbuka na uzito.

Daraja la pili ni mashine za ofisi: ThinkPad za mfululizo wa T na X, Dell Latitude za 5000 na 7000, HP EliteBook za 800. Ziliundwa kwa ajili ya makampuni yanayonunua mamia kwa pamoja na yasiyotaka kusikia malalamiko kwa miaka mitatu au minne. Kibodi zake mara nyingi zina kinga ya maji, na nyingi zina njia ya kuyatoa chini. Spea zake ni nyingi, miongozo ya kuzifungua hutolewa na kampuni zenyewe, na zikimaliza mkataba Ulaya au Marekani huingia sokoni kwetu kama mtumba. ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490, zote za mwaka 2018, ni mifano ambayo fundi yeyote mzoefu anaijua kwa mikono yake. Zote tatu zina nafasi mbili za kubadilishia RAM. T480 ina sifa ya ziada ya betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nyuma inayochomolewa bila bisibisi.

Daraja la tatu ni MacBook. MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ina kilo 1.29, haina feni, haipati joto kali na hukaa na chaji siku nzima ya kazi. Mwili wake hauna mpinzani katika kundi la uzito huo. Lakini ina masharti. RAM na hifadhi vimeunganishwa na ubao mama moja kwa moja, kwa hiyo kinachoungua huko hakibadilishwi kirahisi. Nafasi kati ya kioo na kibodi ni finyu mno: mwaka 2020 Apple iliwaonya watumiaji wasifunge mashine ikiwa na kifuniko cha kamera chenye unene unaozidi milimita 0.1, yaani karatasi moja ya kawaida. Chembe ya mchanga ikibaki juu ya kibodi na begi likabanwa, kioo kinaweza kupasuka, na kioo cha MacBook ni ghali. Anayetafuta ya mtumba aziepuke zile za 2015 hadi 2019 zenye kibodi ya kipepeo, iliyokwama kwa vumbi kiasi cha Apple kuanzisha mpango wa matengenezo ya bure mwaka 2018 na kukubali kulipa dola milioni 50 mwaka 2022 kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani.

Daraja la nne ni mashine za shule, hasa Chromebook zenye kingo za mpira na vitufe visivyong'oka kwa kucha za mtoto. Wazo hili lina historia upande wetu. Laptopu ya XO-1 ya OLPC, mradi wa kumpatia kila mtoto laptopu moja, iliyoanza kutengenezwa 2007 na kugawiwa kwa wingi shuleni Rwanda, ilikuwa na kibodi ya mpira iliyozibwa, hifadhi isiyozunguka, antena mbili zinazokunjwa kuziba matundu, na skrubu za akiba ndani ya mpini wake. Ilisanifiwa kwa kuanza na begi la mtoto, na hilo ni somo ambalo kampuni nyingi bado hazijalichukua. Chromebook za leo zimerithi sehemu ya fikra hiyo, na tangu Septemba 2023 Google imeahidi masasisho ya miaka kumi kwa matoleo yaliyotoka kuanzia 2021. Anayeandika na kusoma tu atatosheka nazo. Anayehitaji programu nzito za uhasibu au usanifu atakwama.

Daraja la tano ni mashine za kazi ngumu, kama Panasonic Toughbook iliyoanza mwaka 1996. Hizi hustahimili mvua, vumbi na kudondoka kweli, na wanaozitumia ni wanajeshi, wachimbaji na mafundi wa mitambo. Toughbook 40 ina zaidi ya kilo tatu, na mpya huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa mtu wa mjini mzigo wake na bei yake vimezidi hatari anayokabiliana nayo.

Daraja la sita ni dogo lakini linaonyesha njia. Framework, kampuni ya Marekani iliyotoa laptopu yake ya kwanza mwaka 2021, inauza mashine ambayo mwenyewe anaweza kubadilisha kioo, betri, kibodi, bawaba na hata matundu ya pembeni, kila kimoja peke yake. Si rahisi kuikuta katika maduka yetu, lakini shinikizo lake limesikika. Mwaka 2024 ThinkPad T14 Gen 5 ilipata alama 9 kati ya 10 za urahisi wa kutengenezeka kutoka iFixit, kampuni inayofungua vifaa na kupima vinavyotengenezeka, baada ya Lenovo kushirikiana na wataalamu hao katika usanifu. Ufaransa nayo tangu Januari 2021 inazitaka laptopu zinazouzwa nchini humo zioneshe alama ya kutengenezeka kati ya 10. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuzitazama alama hizo mtandaoni kabla ya kununua, na zitamsaidia.

Viungo vinavyochakaa kwanza

Hifadhi ya ndani ilikuwa zamani sehemu dhaifu kuliko zote. Diski inayozunguka ina kichwa kinachopita juu yake kwa umbali mdogo usioonekana, na mtikisiko mmoja unaweza kukigonganisha. Mwaka 2003 IBM iliweka kwenye ThinkPad kifaa cha kuhisi mwendo ili kusimamisha diski kabla mashine haijagonga chini. Leo SSD, ambayo haina kinachozunguka, imeufuta wasiwasi huo. Ukikuta laptopu ya mtumba yenye diski ya zamani, gharama ya kwanza baada ya kuinunua iwe SSD. Hakuna badiliko jingine linaloongeza uimara wa mashine ya kubebwa kwa fedha kidogo namna hiyo.

Betri ni kiungo kinachokufa hata mashine ikitunzwa. Betri za lithiamu za laptopu nyingi hupungua nguvu waziwazi baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya chaji, na za MacBook za sasa zimesanifiwa kwa mizunguko 1,000. Joto na kukaa muda mrefu kwenye asilimia 100 huziharakisha. Betri ikivimba husukuma tachipadi juu na kioo mbele, na hapo inakuwa hatari ya moto. Mashine ambayo betri yake imefungwa kwa skrubu ni bora kuliko iliyobandikwa kwa gundi.

Tundu la chaja nalo lina siasa yake. USB-C limesanifiwa kuvumilia kuchomekwa mara 10,000, na kwa hesabu hiyo lingedumu miaka mingi. Kinachoua tundu hili ni kuvutwa kwa pembeni, kwa sababu ulimi mwembamba uliomo ndani yake hubeba mzigo wote, na kwenye laptopu nyingi limechomelewa kwenye ubao mama. Kwenye EliteBook na Latitude nilizozitaja kuna pia tundu la mviringo lililo juu ya waya wake mdogo, na fundi hulibadilisha bila kugusa ubao mama. T480 huchajiwa kwa USB-C pekee, na Lenovo ilitoa sasisho maalumu la kurekebisha hitilafu ya matundu hayo kwenye mashine za miaka hiyo, kwa hiyo mnunuzi ahakikishe limewekwa. MacBook Air za kuanzia M2 ya 2022 zimerudishiwa chaja ya sumaku, inayojitoa yenyewe mtu akijikwaa kwenye waya.

Mashine nzima, programu imekwisha muda

Kuna kifo kingine kisichoonekana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inataka kwa kawaida prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au mpya zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Maana yake sokoni ni kubwa. ThinkPad T470 na T480 zinafanana sana kwa macho, lakini ya kwanza ina prosesa ya kizazi cha sita au cha saba na ya pili kwa kawaida ina ya cha nane. Moja imeachwa nje ya mlango, nyingine imeingia. Kwa upande wa Apple, toleo la macOS la 2025 limetangazwa kuwa la mwisho kwa mashine za Intel, hivyo MacBook ya mtumba inayofaa sasa ni ya kuanzia M1. Wachuuzi wanaoshusha bei ya mashine za zamani wanalijua hili, na ni haki ya mnunuzi kulijua pia. Asiye na uwezo wa kubadilisha mashine bado anaweza kuweka Linux na kuendelea kupata masasisho ya usalama.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kwenye mashine ya mtumba, anza na bawaba. Fungua mfuniko kwa kidole kimoja katikati, usikilize mlio na uangalie kama kona zinaachana. Shika kona ya chini ya mashine na uinue. Ikinyumbuka sana au ikilia, fremu imechoka. Washa kioo kwenye rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi, utafute madoa ya mgandamizo. Chomeka chaja na uitikise taratibu, chaji isikatike. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport inaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo, na tofauti ya namba hizo mbili ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Angalia kama tachipadi imeinuka, dalili ya betri iliyovimba. Hakikisha BIOS haina nywila ya kampuni iliyoimiliki. Mwisho, uliza bei ya kioo na ya kibodi ya toleo hilo hapohapo sokoni. Spea zikikosekana siku hiyo, zitakosekana pia siku ya kuharibika.

Namna ya kubeba

Begi lenye mfuko wa laptopu usiogusa sakafu linaokoa mashine kuliko ganda lolote, kwa sababu kishindo kikubwa hutokea begi linapotuliwa chini. Chaja na chupa vikae mfuko mwingine kabisa. Mfuniko ufunguliwe kwa katikati, si kwa kona. Kabla ya safari, zima mashine kabisa au uiweke kwenye hali ya hibernate, kwa sababu laptopu nyingi mpya za Windows hazilali usingizi kamili na huweza kuamka ndani ya begi zikapata joto kali. Waishio pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Mtwara, wakumbuke kwamba hewa ya chumvi hula matundu na viunganishi, kwa hiyo mashine isiachwe dirishani usiku. Wakaao bara kwenye vumbi jekundu wasafishe feni angalau mara moja kwa mwaka.

Hukumu

Nikipima madaraja haya kwa kipimo nilichokiweka mwanzoni, uamuzi wangu uko hivi. Mwenye bajeti ya laptopu mpya ya bei ya chini, na ambaye ataibeba kila siku, asinunue laptopu hiyo mpya. Achukue mashine ya ofisi ya inchi 14 iliyotumika, ya kizazi cha nane cha Intel au zaidi, aiwekee SSD na betri mpya halali, na abakize akiba ya chaja bora. Kwa mwenye uwezo zaidi na kazi inayowezekana kwenye macOS, MacBook Air ya M1 au mpya zaidi ni nyepesi na hukaa na chaji muda mrefu kuliko nyingi, mradi awe mtu mwangalifu na kioo. Kwa mwanafunzi wa sekondari na kazi za kuandika, Chromebook ya shule inatosha. Toughbook tuwaachie wa migodini na porini.

Na kwa wanaonunua kwa niaba ya wengine, wakuu wa shule, wahasibu wa mashirika, wazazi, nina ombi moja. Msiulize tu RAM ni kiasi gani na kioo ni inchi ngapi. Ulizeni bawaba zimefungwa kwenye nini, betri inatolewaje, na spea zinapatikana wapi. Maswali hayo matatu yakiulizwa na wateja wengi kila siku, wauzaji watalazimika kuagiza mashine zinazoweza kuyajibu.